Mnayoyasema Sevilla yasemeni na Nairobi: barua ya wazi kuhusu kodi ya utajiri mkubwa

Kwa Mheshimiwa Rais,
Kwa Waziri wa Fedha na maafisa wa Hazina ya Kitaifa,
Kwa wanachama wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Kitaifa,

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22, wengi wao wachuuzi wa vyakula sokoni Kongowea na vichochoro vya jirani, hapa Mombasa. Kazi yangu ni daftari. Kila Jumapili alasiri naandika nani ameweka, nani amekopa, nani ameshindwa kulipa na kwa sababu gani. Safu hiyo ya sababu niliiongeza mwenyewe mwaka 2020, na ndiyo iliyonifanya niwaandikie. Zamani iliandikwa ugonjwa, karo, matanga. Siku hizi yamezidi maneno mawili: "maji" na "makato". Maji ni mafuriko. Makato ni nyinyi.

Mmoja wa wanachama wetu huuza mahamri na mbaazi. Huamka saa tisa usiku kukanda unga, na kufika saa mbili asubuhi karai limeshapoa. Siku njema huuza vitu vya shilingi 3,500. Akitoa unga, nazi, sukari, mafuta, mkaa na kijana wa kumletea maji, hubakiwa na kama 700. Anafanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa hesabu hiyo mauzo yake ya mwaka yanafika shilingi 1,092,000, na kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 yeyote anayeuza zaidi ya milioni moja kwa mwaka anatakiwa kulipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Ushuru huu hautozwi faida, unatozwa mauzo yote, pamoja na pesa za unga ambazo si zake. Asilimia 3 ya mauzo hayo ni shilingi 32,760. Faida yake ya mwaka mzima ni 218,400. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 anazobakiwa nazo baada ya kuamka saa tisa, sheria inataka 15. Hapo bado hajatozwa kutuma pesa kwa simu, bado hajapanda matatu inayotumia mafuta yaliyopandishwa ushuru kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka huohuo, wala hajalipa bima ya afya.

Mwaka uliofuata mkaleta Mswada wa Fedha wa 2024. Mlitaka asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia. Nakumbuka mama wa mahamri akiniuliza kama mafuta ya kukaangia nayo yanahesabiwa. Nilimjibu ndiyo, akanyamaza. Vijana walipotoka barabarani mkaondoa mkate, na baada ya maandamano ya Juni 25 mswada wote ukarudishwa bila kutiwa sahihi. Lakini makumi ya vijana walikuwa wameshauawa. Sitaandika juu ya kodi katika nchi hii kana kwamba jambo hilo halikutokea. Wale watoto walikufa wakiuliza swali ambalo hamjalijibu hadi leo: kwa nini mkono wa Hazina hufika upesi kwenye karai na kuchelewa sana kwenye kasri?

Niwape mfano, maana nisipoutoa mtasema mweka hazina wa chama hajui mambo ya fedha za serikali. Februari 2024, miezi mitatu tu kabla ya mswada ule, serikali iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitaka kukopa shilingi bilioni 70. Wenye pesa wakaleta zaidi ya bilioni 288, na serikali ikachukua karibu bilioni 241. Riba yake ni asilimia 18.46 kwa mwaka, na riba hiyo haitozwi kodi ya mapato hata senti moja. Mtu aliyeweka shilingi milioni 100 anapata milioni 18.46 kila mwaka, amelala, bila kodi. Daktari bingwa anayelipwa kiasi hichohicho kama mshahara, akisimama chumba cha upasuaji usiku kucha, angekatwa asilimia 35 ya kila shilingi inayovuka 800,000 kwa mwezi. Na muuza mahamri angetozwa hata juu ya pesa za unga.

Najua bondi hizo hununuliwa pia na mifuko ya pensheni na vyama vya akiba na mikopo, na humo mna jasho la walimu na wauguzi. Sina neno nao. Neno langu ni kwa yule mwenye pesa za kukaa zikazaana tu. Serikali inamkopa, inamlipa riba kubwa, inamsamehe kodi, halafu inatafuta pesa za kumlipa kutoka kwenye mafuta ya kukaangia. Pesa zinatoka chini zinapanda juu, kila mwaka, kwa mujibu wa sheria. Ripoti ya shirika la Oxfam ya Novemba 2025 ilisema kwamba Wakenya 125 wana mali kuliko asilimia 77 ya wananchi wenzao wakijumlishwa pamoja. Sikushangaa nilipoisoma. Hivyo ndivyo mfereji unavyotiririka, na waliouchimba ni watunga sheria.

Sasa nizungumzie lile neno la pili, maji.

Mama yangu mzazi anaishi upande wa Garsen, kaunti ya Tana River. Kwetu mto ni riziki: ukifurika kidogo, mashamba hupata udongo mpya na mpunga huota. Wazee walijua kuhesabu mafuriko. Novemba 2023 hesabu ilivunjika. Mvua ya El Niño ilinyesha bara, mabwawa ya juu yakajaa, na maji yakateremka hadi delta kwa kishindo ambacho mama anasema hajakisikia tangu azaliwe. Ana miaka 74. Walimtoa kwa mtumbwi usiku, ameshika kuku wawili na bahasha ya vyeti. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa 2020, tulikuwa tumekosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa katika kaunti kame. Mbuzi wake wote walienda na ukame ule. Ukame ulichukua kilichokuwa nje ya nyumba, mafuriko yakaja kuchukua nyumba.

Mwaka haukuisha vizuri, yakaja mengine. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini. Alfajiri ya Aprili 29, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe yalipasua njia yakafagia nyumba za Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walifariki kwa usiku mmoja. Nairobi, waliokuwa wakiishi kando ya mto kule Mathare walipoteza vitu vyao kwa maji, kisha nyumba zao kwa tingatinga la serikali lililokuja kusafisha kingo.

Nani alilipia hasara hizo? Katika daftari langu, chama kilitoa shilingi 41,000 kwa wanachama wanne wenye jamaa Tana River, na hatujazirudisha zote. Mama yangu analipwa na mpango wa serikali wa kusaidia wazee, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinapokuja. Kenya hutoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa chafu ya dunia. Mpango wa taifa uliowasilishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba hadi 2030 tutahitaji dola bilioni 62 kwa ajili ya tabianchi, na sehemu kubwa zaidi ni ya kujikinga tu. Asilimia 87 ya pesa hizo tulisema tutazipata nje. Na nje nako, nyingi huja kama mkopo. Ule mpango mzuri wa kugharimia hatua za tabianchi mashinani, wenye kamati za wadi, nao ulianza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Nausifu mpango huo, maana umefika vijijini. Lakini tafakarini: mama aliyetolewa kwa mtumbwi anakopa ili ajengewe tuta la kuzuia maji ambayo hakuyaleta, na deni atalilipa mjukuu wake kwenye bei ya mafuta.

Waheshimiwa, mimi sisemi hamlijui hili. Mnalijua kuliko mimi, na mmelisema vizuri kuliko mimi, ila mmelisema mbali na nyumbani.

Septemba 2023 mliwaalika viongozi wa Afrika hapa Nairobi, likatoka Azimio la Nairobi linalotaka kodi ya kaboni ya dunia nzima juu ya biashara ya mafuta, meli na ndege, pamoja na tozo juu ya miamala ya fedha. Kenya, Barbados na Ufaransa zinaongoza kikosi kilichoundwa kutafuta tozo za mshikamano kwa ajili ya tabianchi na maendeleo. Juni 2025, katika mji wa Sevilla, Uhispania, bendera yetu ilisimama pamoja na ya Uhispania, Somalia, Benin, Sierra Leone na nyingine kuunda muungano wa nchi zitakazotoza tiketi za ndege za daraja la juu na ndege za kibinafsi. Katika Umoja wa Mataifa, Afrika ndiyo iliyosukuma mkataba wa ushirikiano wa kodi, na masharti yake yaliyopitishwa Desemba 2024 yanataja waziwazi kwamba watu wenye utajiri mkubwa watozwe kodi ipasavyo. Novemba 2025 wajumbe wa mkataba huo walikutana papa hapa nchini, Gigiri, Nairobi.

Nilijivunia. Nasema kwa moyo wote, nilijivunia. Nchi 20 zenye uchumi mkubwa zilipokutana Rio de Janeiro mwaka 2024, mawaziri wao wa fedha walikubaliana kushirikiana ili matajiri wakubwa watozwe kikamilifu, nayo ripoti ya mwanauchumi Gabriel Zucman, iliyoagizwa na Brazil, ilionyesha kwamba mabilionea wa dola hulipa kodi isiyofika hata asilimia nusu ya mali yao kwa mwaka. Wakitozwa asilimia 2 tu, watu kama 3,000 duniani, zingepatikana kati ya dola bilioni 200 na 250 kila mwaka. Ufaransa, Bunge la Taifa lilipitisha kodi ya namna hiyo Februari 2025, kisha Seneti ikaikataa. Vita hivyo bado vinaendelea, na Kenya inapaswa kuwamo.

Ila kati ya hao 3,000, wa kwetu hata kama yupo ni wa kuhesabia kidole. Kodi yao wakilipa, italipwa Paris, New York au Mumbai, na sisi tutasubiri mgawo. Tunapodai mgawo huo, mtu yeyote mezani anaweza kutuuliza: nyinyi wenyewe matajiri wenu mnawatoza nini? Mtamjibu vipi? Mtataja ushuru wa mauzo wa mama wa mahamri?

Jibu la kweli ni hili, nami nimelisoma katika sheria zenu wenyewe. Tulikuwa na kodi ya urithi. Bunge likaifuta mwaka 1982. Tulikuwa na kodi ya faida ya mtaji, ile anayolipa mtu akiuza ardhi au hisa kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia. Ikasimamishwa mwaka 1985, ikalala miaka 30. Iliporudi mwaka 2015 ilirudi kwa asilimia 5, na sasa ni 15, lakini hisa zinazouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi zimesamehewa hadi leo. Jiji la Nairobi lilikaa karibu miaka 40 likitoza viwanja kwa thamani za mapema miaka ya 1980, wakati bei ya ekari Upper Hill na Kilimani ilikuwa inapaa mbele ya macho ya kila mtu. Fikirieni miaka hiyo 40. Ndiyo miaka ambayo ardhi ya nchi hii iligawanywa, ikauzwa, ikazungushiwa ukuta. Utajiri mkubwa wa Kenya ulikua wakati mlango wa Hazina upande huo ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Wahenga wa Pwani wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani ndivyo mnavyouona mzigo wa soko la Kongowea, mwepesi, kwa kuwa hamjaubeba.

Ninayoomba si makubwa kwa nchi iliyokwenda kuzungumza Sevilla.

La kwanza, na ndilo ninalolitilia mkazo, rudisheni kodi ya urithi. Leo mali ya mabilioni hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila shilingi moja ya kodi hiyo. Yule mwana hakukanda unga. Hakuchukua hatari ya biashara. Alizaliwa tu. Simchukii kwa kuzaliwa, lakini siwezi kueleza kwa nini mshahara wa mlinzi wa lango lake ukatwe ushuru wa nyumba na bima ya afya kabla haujamfikia, na lango lenyewe lipokelewe bure. Wekeni kiwango cha juu sana, hata mali inayozidi shilingi milioni 200, ili nyumba ya familia na shamba la ekari tano la mkulima wa Kisii visiguswe kabisa. Msiwape watu hofu kwamba mnataka kondoo wa marehemu. Semeni wazi mnawalenga nani, mpaka wauza samaki Likoni waelewe kwamba si wao.

Zaidi ya hapo, wekeni kodi ndogo ya kila mwaka juu ya mali halisi, baada ya kutoa madeni, inayovuka shilingi milioni 500. Mwenye bilioni moja akitozwa asilimia 2 ya kile kilichovuka, atalipa milioni 10. Atabaki na milioni 990, na mwaka huo pengine mali yake itakuwa imeongezeka zaidi ya alicholipa. Milioni 10 hizo ni Inua Jamii ya mwaka mzima kwa wazee 416. Mtu mmoja, wazee 416, wote wa rika la mama yangu. Msamaha wa hisa na wa riba ya bondi ubaki kwa mwenye akiba ndogo na kwa pensheni, na uishe kwa mwenye mamilioni. Na ile tozo ya tiketi za daraja la juu mliyoiahidi ulimwengu, ianze hapa nchini, uwanja wa ndege wa JKIA, na ihesabu pia helikopta na ndege za kukodi zinazopaa kila siku kutoka uwanja wa Wilson. Mwaka wa uchaguzi tunaziona angani hata huku kwetu.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshakisikia redioni.

Mtasema matajiri watahama. Ardhi haihami. Ghorofa la Westlands halipandi ndege, wala ufuo wa Diani. Na pesa zilizohamishwa hazijifichi kama zamani: Kenya imejiunga na mpango wa nchi kupashana habari za akaunti za benki, na ubadilishanaji ulikuwa uanze mwaka 2024. Norwe ilipoongeza kodi yake ya mali mwaka 2022, baadhi ya matajiri wake walihamia Uswisi, ni kweli. Lakini Uswisi nayo hutoza kodi ya mali kila mwaka, katika majimbo yake yote, na hakuna aliyesikia kwamba imefilisika. Uhispania ilianza kodi ya mshikamano juu ya mali inayozidi euro milioni 3, na mwaka wa kwanza ikakusanya euro milioni 623 kutoka kwa watu kama 12,000.

Mtasema mali ni ngumu kuithamini. Hapa naomba radhi, nitakataa kabisa. Tulikaa mbele ya runinga mwaka 2022 na tena 2024 tukiwatazama walioteuliwa kuwa mawaziri wakihojiwa Bungeni. Kila mmoja aliulizwa ana mali ya kiasi gani. Nao walijibu: wengi milioni mia kadhaa, na wapo waliotaja mabilioni, wakaeleza nyumba ngapi, hisa kiasi gani, ardhi wapi. Hakuna aliyesema haijulikani. Basi kama mali huthaminika mtu anapotafuta kazi ya uwaziri, itathaminika pia inapotakiwa kulipiwa kodi. Daftari la wamiliki halisi wa kampuni mnalo kisheria tangu 2020. Hati za ardhi mmeanza kuziingiza katika mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa. Unganisheni tu.

Na kama mnataka mfano wa jirani badala ya wa Ulaya, tazameni Uganda. Mamlaka ya mapato ya kule ilipochunguza, iligundua kwamba kati ya maafisa wakuu 71 wa serikali waliokuwa na mali kubwa, aliyelipa kodi ya mapato binafsi ya biashara zake alikuwa mmoja. Mwaka 2015 ikaunda kitengo maalumu cha kuwafuata matajiri. Haikubadilisha sheria, iliwaita tu, ikakaa nao, ikawaonyesha hati zao. Mwaka wa kwanza zikaingia zaidi ya dola milioni 5. Kampala iliweza kwa wafanyakazi wachache na viti vya ofisi.

Lipo pingamizi moja ambalo sitalipuuza, kwa sababu linatoka kwa wanachama wangu wenyewe. Nilipowasomea rasimu ya barua hii, mama mmoja muuza mchicha alisema: "Wakizipata watazila." Wenzake wakaitikia. Hawakuwa na uchungu na tajiri kama walivyokuwa na uchungu nanyi. Huo ndio ukweli, na nisingekuwa mwaminifu nikiuficha. Watu wanaona misafara ya magari, wanasoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kisha wanaombwa wajifunge mkanda. Kodi ya utajiri ikiingia kwenye mfuko mkuu na kupotelea humo, itakuwa mmewaudhi matajiri bure na maskini hawajaona tofauti.

Kwa hiyo ifanyieni kama sisi tunavyofanya. Daftari la chama chetu, mwanachama yeyote hulifungua siku yoyote, hata aliyegombana nami. Pesa za kodi hii ziwekewe mfuko wake kwa sheria, nusu ziende kwenye hazina za tabianchi za kaunti na kamati za wadi ambazo tayari zipo, nusu ziende Inua Jamii na zahanati. Kila robo mwaka karatasi ibandikwe ofisi ya chifu: zimeingia ngapi, zimeenda wapi, tuta gani limejengwa, kijiji gani. Sisi tutasoma. Msidhani hatusomi. Mwaka 2024 vijana waliufafanua mswada kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Taifa linalosoma hivyo linaweza kulinda mfuko wake likiruhusiwa kuuona.

Nawaandikia matajiri pia, kupitia kwenu. Wapo kati yao walio wakarimu. Mafuriko ya 2023 yalipokata barabara, nilipokea magunia ya unga kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini ambaye hakutaka jina lake litajwe, na Mungu amlipe. Lakini gunia hutegemea moyo wa mtu siku hiyo. Tuta la mto haliwezi kungoja moyo wa mtu. Sadaka itabaki kuwa sadaka, na kodi iwe kodi, ili mama yangu asihitaji kujua tajiri gani ameamka na huruma ndipo avuke msimu wa mvua.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na maoni ya umma huchukuliwa Mei. Nitafika, iwe mtakaa ukumbini hapa Mombasa au mtatutaka tuandike. Akina mama 22 wametia sahihi nakala ya barua hii, na wanane kati yao wameweka dole gumba. Kila mwaka mnatuuliza tunaonaje kuhusu kodi mlizokwisha kutupangia. Safari hii tutawauliza sisi, na tunaomba jibu la maandishi: kodi ya urithi mliyoifuta mwaka 1982 mtairudisha katika mswada upi? Ikiwa hamtairudisha, tuandikieni sababu. Nitaiweka katika safu yake.

Ni mimi,
Mweka hazina wa chama, Kongowea, Mombasa